Moyo Nusu na Moyo Mzima: Juu ya Kitabu cha Maungamo cha Augustino

Viko vitabu vya kale ambavyo hutajwa sana na watu wasiovisoma. Kitabu cha Augustino kiitwacho Maungamo ni kimoja chao. Ukiuliza habari zake, wengi watakuambia kwamba ni habari za kijana mpotovu, mama yake akamwombea kwa machozi miaka mingi, naye mwisho akaokoka. Hayo ni kweli, lakini ni maganda ya kitabu. Kokwa bado imo ndani. Mtu akikisoma kwa hamu ya kusikia maovu ya ujana atachoka upesi, maana maovu yanayotajwa humo hayapiti yale tunayoyasikia kila siku kisimani na gulioni. Wizi ulioelezwa kwa urefu kuliko mambo mengine ni wizi wa matunda ya mti wa jirani, na matunda yenyewe wavulana wale waliyaonja tu, mengine wakawatupia nguruwe.

Kwa maoni yangu kitabu hiki kimeandikwa hasa juu ya moyo nusu. Kinamweleza mtu aliyejua njia ya Mungu, aliyeisifu, aliyetamani kuiendea, na bado asiende. Ndiyo sababu nataka tukipime pamoja, tuone uzuri wake na kasoro zake. Dhambi zilizo wazi huonekana na kila mtu, na wazee wa kanisa huzishughulikia. Lakini moyo nusu waweza kukaa kanisani miaka arobaini, ukaimba, ukatoa sadaka, ukazikwa kwa heshima, wala mtu asiujue.

Kwanza tumjue mwandishi. Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, Afrika ya Kaskazini, mahali paitwapo leo Souk Ahras katika nchi ya Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa mtu wa mali kidogo, naye aliingia katika imani karibu na mwisho wa maisha yake. Mama yake, Monika, alilelewa katika Ukristo. Wakamsomesha Thagaste, kisha Madaura, kisha Carthage, mji mkubwa wa pwani. Akawa mwalimu wa ufasaha, yaani elimu ya kusema mbele ya watu. Mwaka 383 akavuka bahari kwenda Roma, na mwaka 384 akapata kazi ya ualimu Milano, mji alipokaa Kaisari wakati ule. Huko akageuka mwaka 386, akabatizwa Pasaka ya mwaka 387 kwa mkono wa Askofu Ambrosius. Mwaka uliofuata akarudi Afrika. Mwaka 391 akafanywa kasisi katika mji wa Hippo, na miaka michache baadaye akawa askofu wake, mpaka alipokufa mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji. Kitabu alikiandika kwa Kilatini baina ya mwaka 397 na 400 hivi, naye amekwisha kuwa askofu. Neno hili la mwisho tulishike vema. Anayejivua nguo za heshima humu ni mchungaji mwenyewe, na kondoo wake wanamtazama.

Kitabu kina sehemu 13. Tisa za kwanza zaeleza maisha yake mpaka kufa kwa mama yake. Ya kumi yaeleza hali ya moyo wake wakati wa kuandika. Tatu za mwisho zafafanua mlango wa kwanza wa Mwanzo. Jambo linalomshangaza msomaji tangu ukurasa wa kwanza ni kwamba mwandishi hasemi nasi. Asema na Mungu, nasi twasikiliza tu, kama watu waliopita karibu na dirisha wakamsikia mwenye nyumba akiomba. Katika namna hiyo ya kuandika iko hekima kubwa. Mtu anayesimulia habari zake barazani hutia chumvi ili apendeze. Mtu anayesimulia mbele ya hakimu huficha ili aachiliwe. Lakini mbele yake Yeye ajuaye yote, kutia chumvi hakufai na kuficha hakufai. Neno la Kilatini alilolichagua kuwa jina la kitabu lina maana mbili: kuungama dhambi na kumsifu Mungu. Maana zote mbili zimesukwa pamoja kama ukili wa mkeka, hata huwezi kuvuta moja bila kuifumua nyingine.

Hapo wako wa kujifunza katika makanisa yetu. Tumewasikia watu wakisimama kushuhudia, na mara nyingine dhambi zao za zamani huelezwa kwa ladha kuliko wokovu wao. Watoto hucheka, vijana huongeza masikio, na mwenye kushuhudia huketi akiwa amekuwa mtu mashuhuri. Augustino hafanyi hivyo. Kila atajapo ubaya wake hauachi ung'ae. Huuliza mara moja, Nilikuwa natafuta nini humo? Hata kwa yale matunda ya jirani hakuridhika kusema kwamba aliiba. Auliza kwa nini aliiba kitu asichokihitaji, hali nyumbani yalikuwako matunda mazuri zaidi, na ajibu kwamba peke yake asingaliiba; alipenda kuwa mmoja wa kundi. Nani kati yetu hajui nguvu ya kundi? Vijana wangapi walionja pombe mara ya kwanza kwa kiu, na wangapi kwa kuogopa kuchekwa?

Sasa tufuate habari ya moyo nusu, maana ndiyo uti wa mgongo wa kitabu. Yaanza utotoni. Monika alimtia mwanawe katika hesabu ya wanafunzi wa ubatizo tangu kuzaliwa, akatiwa alama ya msalaba na kuonjeshwa chumvi kama ilivyokuwa desturi. Alipokuwa angali mtoto akashikwa na maradhi ya tumbo, akaomba abatizwe. Matengenezo yakaanza, kisha akapona ghafula, na ubatizo ukaahirishwa. Watu wa siku zile walidhani ni afadhali mtu amalize kwanza upumbavu wa ujana, kwa kuwa dhambi baada ya ubatizo ni nzito zaidi. Augustino mzee ailaumu desturi hiyo. Aona kwamba juu ya afya ya mwili hakuna asemaye, Mwacheni aongeze vidonda, bado hajapona. Kwa nini basi lisemwe juu ya roho? Jambo hili si la Thagaste tu. Wako kwetu wazee wanaojua katekisimu kwa moyo, nao wangojea ubatizo wa kitandani, ili wapate faida ya pande mbili: maisha yao wenyewe, na mauti ya Kristo.

Kisha twamwona mwalimu. Mimi niliye wa kazi hiyo husoma sehemu ya sita kwa hofu. Augustino, akiwa Milano, alitakiwa kutoa hotuba ya kumsifu Kaisari. Aungama kwamba hotuba ilikuwa na uongo mwingi, na wasikilizaji waliojua kwamba ni uongo wangempigia makofi. Alipokuwa akipita njiani, moyo ukiwaka kwa mashaka, akamwona maskini mwombaji amekwisha kulewa, anacheka na kufanya mzaha. Akawaambia rafiki zake kwamba furaha wanayoifukuza kwa taabu nyingi, maskini yule ameipata kwa senti chache za sadaka. Furaha ya mlevi si ya kweli, asema, lakini tamaa ya sifa nayo si ya kweli. Tena mlevi ataamka asubuhi ulevi umemtoka, bali yeye alilala na ulevi wake na kuamka nao. Sijui ukurasa mwingine unaoieleza vizuri zaidi hali ya mtu aliyesoma ambaye elimu yake haijampa nafsi. Heshima yake yakaa midomoni mwa wengine. Wakinyamaza, yeye hayupo.

Wengine watasema, Kama alikuwa na taabu hiyo, kwa nini asimfuate Kristo mara moja? Hapa twafikia sehemu ya nane, ambayo kwangu ndiyo kilele cha kitabu. Kabla yake kwa miaka kama tisa Augustino aliwafuata wafuasi wa Mani, waliofundisha kwamba ndani ya mtu mna asili mbili, moja njema na moja ovu, zinazopigana. Mafundisho hayo yana raha yake, maana mtu akikosa husema, Si mimi, ni yule mwingine aliye ndani yangu. Augustino alipoyaacha alibaki na swali gumu: kama mimi ni mmoja, mbona nataka na sitaki? Mbona mkono wanitii nikiuambia inuka, na moyo haunitii nikiuambia geuka?

Jibu lake naweza kulieleza kwa mithali yetu. Twasema njia mbili zilimshinda fisi. Wafuasi wa Mani wangesema kwamba walikuwako fisi wawili, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Augustino asema fisi ni yule yule mmoja, naye ataka kuliko uwezo wa miguu yake. Moyo wa kuagiza ungekuwa mzima, usingehitaji kuagiza, ungekwisha kwenda. Wauambia mguu twende kwa nusu ya nia, na nusu nyingine imebaki kuilinda njia ya pili. Kwa hiyo kugawanyika kwetu si kisingizio. Ni ugonjwa wetu wenyewe, na mgonjwa ni mmoja, naye ndiye atakayeponywa. Fundisho hili ni kali, lakini lina tumaini ndani yake. Kama ningekuwa wawili, mmoja angeokoka na mwingine apotee. Kwa kuwa ni mmoja, naweza kuwa mzima.

Ili tusidhani kwamba ni mawazo ya wasomi tu, ametutilia humo habari ya Victorinus. Huyo alikuwa mwalimu mashuhuri wa Roma, hata akasimamishiwa sanamu uwanjani. Katika uzee akasoma Maandiko, akamwambia Simplicianus kwa siri kwamba sasa yeye ni Mkristo. Simplicianus akajibu kwamba hatasadiki mpaka amwone kanisani. Victorinus akamcheka, akauliza kama kuta ndizo zinazowafanya watu kuwa Wakristo. Ukweli ni kwamba aliwaogopa rafiki zake wakuu walioabudu sanamu. Lakini kusoma kukaendelea, akaogopa zaidi kukanwa na Kristo mbele ya malaika. Siku moja akamwambia mwenzake, Twende kanisani. Wakati wa kuikiri imani makasisi wakamtolea nafasi ya kuikiri faraghani, kama walivyowafanyia wenye haya. Akakataa, akasimama mahali pa juu mbele ya watu wote, nao wakalitaja jina lake kwa furaha.

Kuta hazimfanyi mtu kuwa Mkristo. Katika hilo Victorinus alisema kweli. Hata hivyo Simplicianus ndiye aliyeijua kweli iliyo kubwa zaidi, kwamba mtu asiyethubutu kuonekana na Kristo bado hajajitoa kwake. Mwenye kuvaa msalaba juu ya shati na hirizi chini yake, huyo ana kuta na hana moyo. Na mwenye kusema, Mimi naamini kimya kimya, ndugu zangu wa tambiko wasinione, huyo adai ana moyo na hataki kuta. Kitabu chawahukumu wote wawili kwa hukumu moja.

Mwisho wafika. Mtu wa Afrika aitwaye Ponticianus, aliyekuwa na kazi ikulu, alikuja kuwatembelea Augustino na rafiki yake Alypius, akakuta kitabu cha nyaraka za Paulo mezani. Akafurahi, akawaeleza habari za Antoni wa Misri, aliyeacha mali yake kwa ajili ya neno la Injili. Alipokwisha kuondoka, Augustino akamgeukia Alypius akalia kwamba wasiosoma wanauteka ufalme wa mbinguni, na wao wenye elimu wanagaagaa katika damu na nyama. Wakaingia bustanini. Huko akapigana na nafsi yake, akang'oa nywele, akajipiga kipaji. Na tabia zake za zamani zikamvuta kama vazi, zikimnong'oneza kama kweli aweza kuishi bila zao. Alikuwa amewahi kuomba katika ujana apewe usafi, ila asipewe upesi. Sasa ile kesho yake ilikuwa imekwisha. Akasikia kutoka nyumba ya jirani sauti ya mtoto ikirudia kumtaka achukue asome. Akakirudia kitabu cha Paulo, akafungua, na macho yake yakaangukia mlango wa 13 wa Warumi, mistari ya mwisho, panapotuagiza kuacha ulafi na ufisadi na kumvaa Bwana Yesu Kristo. Hakutaka kusoma zaidi. Alypius akasoma mstari unaofuata, unaoagiza kumpokea aliye dhaifu wa imani, akauchukua kuwa wake.

Wengi hukumbuka ile sauti ya mtoto, wakangoja sauti kama hiyo miaka yote. Mimi napenda tuliangalie lile neno lililosomwa. Neno la mwisho alilopewa mtu huyu mwenye moyo nusu halikuwa, Jitahidi zaidi. Alikuwa amejitahidi mpaka kuishiwa nguvu. Lilikuwa, Mvae Kristo. Vazi huvaliwa na mtu mzima. Huwezi kutuma mkono mmoja uvae kanzu na mwili ubaki nje. Tena vazi ndilo linalokutambulisha kwa watu wanaokuona toka mbali. Paulo awaambia Wagalatia, katika mlango wa 3, kwamba waliobatizwa katika Kristo wamemvaa Kristo. Maana yake, ukiulizwa, Wewe ni nani? jibu la kwanza si ukoo wako, wala cheti chako, wala cheo chako, wala hata dhambi zako za zamani. Jibu ni Yule uliyemvaa. Lakini wako wanaofanya kama mtu aliyepewa kanzu mpya akaivaa juu ya ile ya zamani yenye jasho la shamba. Siku ya kwanza hupendeza. Siku ya pili harufu humtoa.

Hapo yaweza kuzuka swali linalowasumbua watu wetu: Je, kumvaa Kristo ni kumvua Mwafrika? Kitabu chenyewe hakilijibu waziwazi, ila matendo ya mwandishi yajibu. Alipobatizwa hakubadili jina. Katika maandishi mengine ya siku zile za Italia asema kwamba watu wa huko walikuwa wangali wakiyasahihisha matamshi yake. Na karibu na mwaka 390, mwalimu mmoja mpagani wa Madaura, jina lake Maximus, alimwandikia akiyacheka majina ya Kipuniki ya wafia imani wa Afrika, kama vile Namphamo na Miggin. Augustino akamkemea kwa sababu yeye, mtu wa Afrika anayewaandikia watu wa Afrika, amejisahau hata kuyadharau majina ya kwao. Akamweleza kwamba Namphamo maana yake ni mtu wa mguu mwema, yaani mgeni aletaye heri. Angalieni, wasomaji. Mtu huyu alipokuwa mtafuta sifa, Afrika ilikuwa mahali pa kuondokea. Alipokuwa wa Kristo akarudi kwao, akaitetea heshima ya majina ya wakulima. Aliye na nafsi yake katika Kristo hana haja ya kuiazima kwa Warumi.

Sasa niseme kasoro, maana sifa tupu si haki kwa kitabu wala kwa msomaji.

Kasoro ya kwanza ni ya yule mwanamke. Kwa miaka kama kumi na mitano Augustino aliishi na mwanamke mmoja bila ndoa, akazaa naye mwana, Adeodatus, kijana mwenye akili nyingi aliyebatizwa pamoja na baba yake, akafa angali kijana. Huko Milano wakamtafutia Augustino mchumba wa kufaa cheo chake, na Monika mwenyewe alishughulika sana. Yule mwanamke akaondolewa kama kizuizi, akarudi Afrika peke yake, mwana akabaki na baba. Mwandishi aeleza jinsi moyo wake mwenyewe ulivyotokwa damu. Jina la mwanamke halitaji. Nilipowasomea watu wa kijiji chetu sehemu hiyo jioni moja, mama mmoja mzee akauliza, "Mwalimu, na yeye moyo wake ulitokwa na nini?" Kitabu hakina jibu. Wako wasemao kwamba alilificha jina kwa kumstahi, na yamkini ni hivyo. Lakini mwenye kuhesabu machozi yake yote mbele za Mungu angeweza kuhesabu na ya mwenzake.

Hata hivyo mwandishi ni mkweli hata pale anapopungua. Atueleza kwamba mwanamke yule aliweka nadhiri kwa Mungu kutomjua mume mwingine, na kwamba yeye, mwanamume, hakuweza kumwiga. Kwa kuwa mchumba alikuwa bado mdogo na ndoa ilihitaji kungojewa miaka miwili, akajitafutia mwanamke mwingine. Basi ukikisoma kitabu kwa makini utaona kwamba miezi kadhaa kabla ya bustani, moyo mzima ulikuwa umekwisha kuonekana katika nyumba ile. Ulikuwa kifuani mwa mwanamke asiyetajwa jina, naye alikuwa njiani kurudi kwao. Sidhani Augustino alikusudia tulione hilo, lakini limo.

Kasoro ya pili: sehemu tatu za mwisho ni nzito. Juu ya wakati na uumbaji asema mambo ya kina, ila msomaji aliyemfuata mtu bustanini ajikuta ameachwa shuleni. Nashauri asome kwanza sehemu ya nane, kisha ya tisa iliyo na kufa kwa Monika huko Ostia mwaka 387, kisha arudi mwanzo. Zile tatu aziache mpaka awe na nafasi.

Ya tatu ni hatari zaidi kuliko kasoro. Kwa Augustino kugeuka kulikuja pamoja na kuacha ndoa na kazi. Msomaji aweza kudhani kwamba moyo mzima ni wa watawa na makasisi, na kwamba mwenye mke, watoto sita na shamba la mihogo atosheke na moyo nusu. Kitabu chenyewe chamkanusha. Katika sehemu ya tisa Monika aonekana mke wa mume mkali na asiye mwaminifu, mpatanishi wa majirani, asiyechukua maneno ya huyu kumpelekea yule ila yale ya kuwapatanisha. Hakuwa na bustani ya Milano. Alikuwa na jiko na mkwe. Hata hivyo katika kumtafuta Mungu alikuwa mzima siku zote, hata palipo makosa katika shauri lake.

Na wanaodhani kwamba aliyegeuka hashindani tena, na wasome sehemu ya kumi. Humo askofu, miaka zaidi ya kumi baada ya bustani, aeleza majaribu ya chakula, ya ndoto, ya masikio yanayopenda sauti ya wimbo kuliko maneno yake, na zaidi ya yote ya kupenda kusifiwa. Asema hata kuyadharau majivuno mtu aweza kujivuna nako. Je, moyo wake umerudi kuwa nusu? La. Tofauti ni hii: zamani alificha upande mmoja wa moyo Mungu asiufikie; sasa afungua milango yote, na penye uchafu aita msaada. Nyumba yenye mwenyewe yaweza kuwa na vumbi. Nyumba isiyo na mwenyewe huingia kila mnyama.

Hii ndiyo hukumu yangu juu ya kitabu: ni kirefu, mara nyingine chachosha, na chamsahau mtu mmoja asiyestahili kusahauliwa. Lakini katika yote niliyosoma juu ya kugeuka kwa mtu, hakuna kinachonikamata mkono kama hiki na kuniuliza ni nini ninachokiacha kwa ajili ya kesho. Kila mmoja wetu ana neno analoliombea, na chini ya sauti huongeza, Lakini si sasa. Kwa huyu ni deni la ndugu yake ambalo hataki kulilipa. Kwa huyu ni nyumba ya pili ambayo mkewe haijui. Kwa huyu ni chuki ya mpaka wa shamba. Kwa mwalimu ni makofi. Augustino aliyatafuta maneno hayo mawili moyoni mwake, akayaona, akayaandika yasomwe na watu kwa miaka zaidi ya 1600. Nasi tuyatafute ndani yetu, na tukiyapata tusiyafunike na kanzu nyeupe. Tuivue ya zamani kwanza, mbele yake anayetuona, ndipo tumvae Yeye.